Mtani Wangu na Kiti cha Bi Mkubwa

Mwezi uliopita chuo kiliniaga. Nilikuwa nimekalia kiti cha ukurugenzi wa Kituo cha Maarifa ya Pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa nilikuwa namkabidhi mwingine. Ukumbi wa tawi letu la Lindi ulipambwa kwa vitambaa vya bluu na vyeupe, wali wa nazi ulinukia tangu asubuhi, na mshereheshaji, kijana mwenye maneno mengi kutoka Mtama, alipofika kwenye jina la Editha katika ratiba alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Jamani, kaeni sawa, anapanda mtani wa Profesa! Mmakonde kwa Mmwera! Leo Mkurugenzi anatoka hapa hana nguo!" Watu wakacheka, wakasogeza viti. Nami nikajiweka vizuri, nikaandaa uso wa mtu anayetukanwa mbele za watu na kufurahi. Editha akapanda taratibu, maana magoti yake siku hizi hayataki haraka. Akafungua karatasi, akasoma kwamba Profesa Somoe ameongoza Kituo kwa bidii, kwamba wanawake wa pwani wamenufaika, na kwamba Mungu amjalie afya njema. Akakunja karatasi, akashuka. Watu walingoja kidogo wakidhani anavuta pumzi, halafu wakapiga makofi. Mgeni aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Mama yule ana adabu sana." Nikamjibu kuwa ndiyo, anayo.

Nilimtazama akirudi kwenye nafasi yake, nikamwonea wivu. Naliandika neno hilo bila kulipaka sukari. Naelekea miaka sitini, picha yangu itatundikwa kwenye korido ya Kituo, na bado nilimwonea wivu Editha kwa jinsi kitenge kilivyomkaa, kwa meno yake ambayo yapo yote, na zaidi kwa watafiti wangu. Wale vijana niliowaajiri mimi, niliowasainia mimi barua, walikuwa wamepanga foleni pembeni ya meza yake wakimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye anawashika vichwa na kuwauliza habari za watoto wao kwa majina. Wengi wao alikuwa amewafundisha kule Newala kabla hawajafika kwangu. Mimi huniita Mkurugenzi, na hunipisha mlangoni. Habari za ukoo wangu na za utoto wangu Kiranjeranje nimewahi kuzisimulia kwa wengine na hapa sizirudii. Ninachotaka ni mwaka mmoja tu, ule ambao mimi na Editha tulikuwa wahadhiri wasaidizi na tulipanga nyumba moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Sharifa, mjane wa Mikumbi, mama wa makamo aliyependa udi na redio. Yeye alikaa upande wake, sisi tukakodi vyumba viwili vilivyotazamana, na sebule ndogo yenye makochi ya mbao na saa iliyosimama. Jiko lilikuwa uani, chini ya bati. Mimi ndiye niliyefika kwanza, nikachagua chumba cha mbele kwa kuwa kilikuwa na dirisha kubwa. Editha akapewa cha nyuma. Haikupita wiki nikagundua kwamba dirisha langu kubwa linaingiza vumbi la barabara na kelele za mashine ya kukoboa, wakati lake dogo linaingiza upepo wa uani na harufu ya mlimau. Alipokaribia kulala nilimsikia akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na mara moja akanyamaza, kalala. Mimi nilikuwa mtu wa kujigeuzageuza. Hata usingizi wake niliuonea wivu, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu niliyekuwa nikimwambia mambo yangu yote alikuwa ni yeye.

Tuliishi kwa utani. Mmwera na Mmakonde ni watani tangu mababu, na mtani hakasirikiwi, lakini sisi tulizidisha. Asubuhi, kabla ya hata kupiga mswaki, nilikuwa nimeshamwambia kwamba paka wa Bi Sharifa hana panya wa kukamata tangu yeye ahamie. Naye akinijibu kutoka chooni, "Nyamaza, Mmwera! Kwenu gari likipita mnalitupia majani lile!" Tulitukanana sokoni, tulitukanana ofisini, tulitukanana mbele ya wanafunzi. Nilikuwa na tusi moja nililolitunga mwenyewe na nikalipenda mno: kwamba Mmakonde huyu usimwachie sanduku la harusi, maana bibi harusi ataolewa na kanga moja. Editha alicheka kila nilipolitoa, kama hajawahi kulisikia. Akija mgeni asiyetujua, Bi Sharifa alikuwa anawahi kumwambia, "Usiwasikilize hao, mwanangu. Watani." Ndivyo inavyotakiwa kwetu. Mgeni akiingia kati ya watani huelezwa mapema, ili asije akatoka na tusi la mchezo akalibeba kama habari ya kweli. Asipokuwepo wa tatu wa kumweleza, anayetukana ndiye humweleza.

Wivu wenyewe, ule wenye kucha, ulianza na kichwa cha samaki. Ijumaa Bi Sharifa alikuwa anatuita tule naye, na alikuwa hodari wa kupika changu wa nazi. Mimi ni Mwislamu mwenzake, naswali naye, namsaidia kukuna nazi, namsomea barua za mwanawe. Hata hivyo kila Ijumaa kichwa cha changu kilitua kwenye sahani ya Editha, Mkatoliki wa bara, ambaye kabla ya kuja Lindi alikuwa hajui hata kukinyonya. "Kula, mwanangu, ukue akili," Bi Sharifa anasema. Kwangu ukaja mkia, mkia mzuri tu, wenye nyama. Siku moja nilimuuliza kwa kucheka, "Bi Sharifa, mimi akili zangu zimetosha?" Akanijibu bila kunitazama, "Wewe hukiombi. Yeye alikiomba siku ya kwanza, akakivunja mezani kwa mikono, tukacheka wote." Nimefundisha miaka mingi na nimehojiwa na watu wengi wakitaka kujua kwa nini wengine hupendwa na wengine huheshimiwa tu, na bado sina jibu bora kuliko hilo la Bi Sharifa.

Katikati ya mwaka huo ndipo ilipokuja habari ya Bi Mkubwa. Alikuwa mwanamke wa Somanga, mkaanga samaki wa pembeni mwa barabara enzi za ujana wake, ambaye wanawe walikwenda nje wakafanikiwa katika biashara, wakamchukua akaishi nao huko mbali. Sasa alikuwa mzee na alitaka kufanya jambo kwao. Mkuu wa tawi, Mmatumbi mnene mpole ambaye sote tulimwita Baba Tawi, alituita ofisini akiwa ameshika barua kwa vidole viwili kana kwamba imetoka kuoshwa. Familia ya Bi Mkubwa ilikuwa tayari kugharimia kituo kipya cha utafiti pamoja na kiti cha kukiongoza: mshahara wa mkurugenzi, masomo yake ya uzamivu, wasaidizi, na nafasi za masomo kwa mabinti wa vijijini. Sharti lilikuwa moja, kwamba kiongozi awe msomi kijana, mwanamke, wa huku huku kusini. Wanawake wa namna hiyo kwenye tawi letu tulikuwa wawili. Ni lazima mtu akumbuke tawi lilivyokuwa: maktaba ilikuwa makabati mawili, mashine ya kurudufu ilikuwa imefunikwa shuka kama maiti, na wahadhiri wasaidizi tulikuwa tukisubiri uzamivu hadi mvi. Baba Tawi akasema, "Andikeni andiko moja, nyote wawili. Nani aongoze, wenyewe watachagua." Tulitoka nje tukashikana mikono na kuruka kama wanafunzi. Mkono wangu ulikuwa umeshika wake, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kuuachia.

Miaka yote hii nimeeleza katika mahojiano kwamba wazo la Kituo lilikuwa langu. Nusu yake ni kweli. Jioni moja tulikuwa sebuleni tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, tuliyonunua sokoni ikiwa ya moto, tunachovya kwenye chumvi, na Editha akaanza kusimulia juu ya akina mama wa Kinjumbi aliokutana nao alipokwenda kusimamia wanafunzi. Walikuwa wakitafuta pweza kwa miguu maji yakikauka, na walijua mwamba upi uachwe upumzike na kwa muda gani, na yule anayeingia kabla ya wakati wanamtungia wimbo wa kumwaibisha. "Kwa nini tunakwenda kuwahoji halafu tunawaacha huko?" akasema. "Waje wafundishe hapa. Wakae mbele, sisi tukae kwenye madawati." Mimi nilicheka. Nikamwambia Mmakonde akishiba ming'oko huanza kutoa mahubiri. Kesho yake alfajiri niliamka kabla yake, nikakaa mezani, nikaandika kurasa nne juu ya walimu wa ufukweni, kwa mpangilio, kwa lugha safi, na maneno ya kitaalamu pale yanapohitajika. Alipoamka nikampa asome. Akasoma amesimama, kanga imefungwa kifuani, mswaki mdomoni, kisha akanikumbatia. "Somoe, hivi ndivyo nilivyokuwa nataka kusema!" Hakudai lolote. Laiti angedai, ningejua la kumjibu.

Tuliandika wiki tatu. Mimi nilikuwa mwepesi wa kalamu, yeye alikuwa mwepesi wa watu. Nikikwama kwenye bajeti ya usafiri alikwenda kumuuliza dereva wa lori. Nikikosa majina ya vikundi, kesho yake alikuwa nayo, na papa mkavu juu, zawadi ya mwenye kikundi. Siku moja nilikuwa peke yangu chumba cha walimu, ambacho kilitenganishwa na ofisi ya Baba Tawi kwa ubao mwembamba, nikamsikia akiongea na mhasibu. "Wakiniuliza mimi, ni Editha," alisema. "Somoe ni mchapakazi, hapana ubishi. Lakini Editha ana watu." Mhasibu akakubali. Nikasikia vikombe vikigonga visahani. Nilikaa pale na kalamu mkononi, masikio yanawaka, nikitazama jina langu na lake kwenye ukurasa wa mbele, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba lake lilikuwa zuri zaidi hata kwa kuandikwa. Nilimchukia kwa dakika kadhaa hivi, kabisa kabisa. Kisha akaingia na mahindi mawili ya kuchoma, akanipa lililoiva vizuri.

Bi Mkubwa hakuweza kusafiri, akamtuma mwanawe wa mwisho, Bwana Faraji, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyezaliwa na kukulia huko nje. Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, kizuri na cha heshima, lakini kilikuwa kimelelewa ndani ya nyumba. Hakikuwahi kutoka barazani. Enzi hizo lami ilikuwa bado haijaunganishwa kabla ya Somanga, na gari lake lilikwama kwenye tope nusu siku nzima. Alifika Lindi viatu vimevaa udongo hadi kwenye kamba, akaomba radhi kwa kila mtu. Tawi halikuwa na mahali pa kumlisha mgeni wa namna ile, kwa hiyo Baba Tawi akaamua ale chakula cha mchana kwetu, kwa Bi Sharifa, atuone tulivyo. Bahati mbaya, au bahati yangu, asubuhi hiyo Bi Sharifa aliitwa msibani Ng'apa. Alituachia changu wawili na maagizo. Baba Tawi alimleta mgeni hadi mlangoni, akaitwa ofisini kwa simu ya makao makuu, akasema atarudi kwa kahawa. Kwa hiyo tulikuwa watatu, na mmoja wetu hakuwa akijua sisi ni nani kwa sisi.

Bwana Faraji alikaa kwenye kochi la mbao, magoti pamoja, kidaftari chekundu pajani. Aliuliza maswali mazuri juu ya akina mama wa Kinjumbi, na kila swali lilimwangukia Editha. Sikufanya makosa yoyote, nilijibu niliyoulizwa, lakini Editha alikuwa akisimulia hadi mgeni akasahau kuandika. Alimwigiza mama mmoja anavyochokoa pango la pweza kwa mchokoo na kumkemea pweza kama mkwe. Bwana Faraji akacheka mpaka akatoa kitambaa. Akasema, "Mama yangu akikuona atakupenda." Hapo nikajua imekwisha. Niliyaona yote: Editha katika kile kiti, Editha akienda kusomea uzamivu, Editha akirudi daktari, nami nikimwandikia ripoti kwa lugha safi. Editha akainuka kwenda uani kuleta maji ya kunawa na kuangalia wali. Kandambili zake zikasikika zikipungua kwenye korido.

Bwana Faraji akainama kidogo kuelekea kwangu. "Dada Somoe," akasema, "ninyi mmeishi pamoja. Samahani kwa swali langu. Mama yangu ameniagiza nimuulize kila mtu juu ya mwenziwe. Huyu dada, katika mali ya watu, ni mtu wa namna gani?" Nami nikamjibu kama ulimi wangu ulivyozoea kumjibu yeyote aliyeuliza habari za Editha. Nikasema, "Huyo Mmakonde? Huyo usimwachie hata sanduku la harusi. Bibi harusi ataolewa na kanga moja." Naapa kwamba lilipotoka lilikuwa utani. Lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka mara mia. Nikangoja acheke. Hakucheka. Uso wake ulipoa, akanitazama kwa namna ya mtu anayeshukuru kwa kuambiwa jambo zito, akafungua kidaftari, akaandika. Niliiona kalamu inavyokwenda. Niliona akifika mwisho wa mstari na kuanza mwingine. Kilichotakiwa kilikuwa maneno mawili, "Sisi watani," maneno ambayo mtoto wa darasa la pili wa kwetu anayajua, na nilikuwa na muda wa kuyasema hata mara kumi, kwa sababu Editha alikuwa bado uani akigongagonga kifuniko cha sufuria. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilisikia kandambili zikirudi, zikikaribia, nikanyamaza, na Editha akaingia na beseni na jagi, taulo begani, akapiga goti mbele ya mgeni, kisha akageukia kwangu. Nikanyoosha mikono akanimiminia maji.

"Mgeni," akasema Editha akinimwagia, "huyu Mmwera ameshanimaliza huko nyuma?" Alikuwa anafungua mlango. Alikuwa anangoja nimjibu kwa tusi ili naye amweleze mgeni, mchezo uanze, tule kwa raha. Bwana Faraji akatabasamu kwa adabu na kusema, "Hapana, tulikuwa tunazungumza tu." Mimi nikasema wali unapoa. Editha alinitazama mara moja, kidogo tu, akadhani nina woga wa mgeni. Akapakua. Kichwa cha changu akakiweka kwenye sahani yangu siku hiyo, kwa kunipa moyo. Nilikila chote.

Barua ilikuja baada ya mwezi na nusu. Baba Tawi aliniita peke yangu, akafunga mlango, akavaa miwani. Familia ilikuwa imeridhishwa sana na andiko na ilipendekeza Bi Somoe awe mkurugenzi wa kwanza. Kuhusu mwenzake, ilisema kwa masikitiko, imeelezwa na mtu anayemfahamu kwa karibu kwamba si wa kuachiwa mali ya watu, hata sanduku la harusi. Baba Tawi aliisoma sentensi hiyo mara mbili, ya pili polepole. Akanitazama juu ya miwani. "Binti," akasema, "mimi Mmatumbi. Haya maneno yananuka utani." Mlango ulikuwa umefunguliwa tena mbele yangu, mpana kuliko wa kwanza, na hakukuwa na mgeni wa kumwonea aibu. Nikasema, "Sijui, Mkuu." Akaigeuza barua mkononi. Mwisho akasema, zaidi kwa barua kuliko kwangu, "Nikimwandikia Bi Mkubwa kwamba mwanawe hajui utani, nitakuwa namfundisha mfadhili. Na pesa ya mfadhili ikirudi kwao hairudi tena huku. Tumekaa na makabati mawili miaka yote hii." Akaiweka barua kwenye jalada, akasimama, akanipa mkono. "Hongera, Mkurugenzi." Nimewalaumu sana wafadhili katika maisha yangu, katika mikutano, na mara nyingi nilikuwa na haki, lakini siku hiyo hakuna aliyetulazimisha mimi wala yeye.

Niseme pia jinsi ushindi ulivyokuwa, kwa kuwa nilitarajia wivu ungeisha. Editha alipopata habari alipiga kigelegele pale pale kwenye korido. Alininunulia kitenge cha kuvaa siku ya uzinduzi. Aliwatangazia wanafunzi kwamba Mmwera amepewa kiti na sasa tawi zima litakula ming'oko kwa barua ya serikali. Watu walicheka naye, halafu nikiwa nimepita walimwekea mkono begani. Bi Sharifa alimpikia vitumbua siku mbili mfululizo. Wanafunzi wakamletea korosho. Mimi niliyeshinda nilipewa mikono na hongera, yeye aliyekosa alipewa mapenzi ya mji mzima, na mimi, wallahi, nilimwonea wivu hata kukosa kwake. Nilikaa kwenye chumba changu cha vumbi nikijaribu kukipenda kile kitenge.

Wiki moja kabla ya uzinduzi Baba Tawi alihitaji mtu wa kuandaa ratiba na hotuba, mwenye mkono mzuri wa barua, akampa Editha jalada lote la Bi Mkubwa. Sijui kama alisahau kilichokuwa ndani yake au alikuwa amechoka kukijua peke yake. Mchana huo nilikuwa uani namenya muhogo, sufuria ya maji mapajani. Nilimsikia akifungua mlango wa mbele, nikasikia kandambili zikija kwenye korido, nikamrushia la kumkaribisha kama kawaida: "Mmakonde, ficha mfuko wako, majirani wanahesabu kuku!" Hakujibu. Akatoka uani, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia mbele yangu. Hakuwa amelia. Ningependa kama angekuwa amelia.

"Somoe, Bwana Faraji alipokuwa anaandika, ulimwona?"

Nilikuwa na kisu mkononi na muhogo nusu umemenywa. Nikafikiri kumuuliza anaandika nini, lini. Nikaona aibu kumdanganya wakati amekaa chini kuliko mimi.

"Nilimwona."

"Alicheka?"

"Hakucheka."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hapa. Ulikuwa unaangalia wali."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayepima umbali wa kutoka pale jikoni hadi sebuleni, hatua zake mwenyewe. Nikaanza kusema. Nilisema lilinitoka tu, nilisema Bi Sharifa hakuwepo, nilisema twende wote kwa Baba Tawi sasa hivi, tuandike barua, nitajitoa. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniuliza, "Ungekwenda?" Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa pale, fupi, lakini nilikiona kile kiti, na miaka ya uzamivu, na jina langu peke yake kwenye ukurasa wa mbele, nikatazama muhogo. Editha akangoja muda wa kutosha, hakuniharakisha. Kisha akainuka, akajikung'uta nyuma.

"Nisikilize, dada," akasema. Hakuwahi kuniita dada. "Utani si wangu, wala si wako. Ni wa wazee wetu, siwezi kuuvunja. Sitakushtaki kwa mtu, na Bi Mkubwa wa watu sitamharibia jambo lake. Wale mabinti wakasome. Hotuba yako nitaiandika vizuri." Akachukua sufuria kutoka kwenye mapaja yangu, akamwaga maji machafu, akanirudishia ikiwa safi. "Lakini kuanzia leo mimi nitakuheshimu, Somoe. Popote nitakapokukuta, mbele ya yeyote. Nitakuheshimu mpaka nife."

Na ameniheshimu.